Masika juu ya Baiskeli

Masika yakishika hapa Mang'ula, wenye magari huona matope tu. Sisi wa baiskeli, tunaokwenda Sanje na daftari la kamati ya msikiti kapuni, mwendo wetu huturuhusu kutazama. Kushoto, Milima ya Udzungwa imejifunika ukungu. Mbega wekundu wa Udzungwa, ambao makazi yao duniani ni milima hii na misitu ya jirani tu, hurukaruka matawini.

Linalotushughulisha zaidi ni vijito. Vitokapo msituni, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992, maji yake huwa maangavu hata baada ya mvua ya usiku kucha, kwani mizizi na majani makavu huyapunguza kasi. Yakishapita mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mama achotaye huko chini husubiri ndoo ituame ndipo apike au watoto watawadhe.

Msimu huu shamba la msikiti limeachiwa hatua kumi za matete kando ya kijito. Baadhi ya wazee wetu wanauita uvivu. Kila Ijumaa tukifika hapo hushuka baiskelini, tukayatazama maji.