Pijo Mbili za Ami Yangu

Katika zama zile ambapo msafiri wa kutoka Mombasa kwenda Malindi hakuwa na budi kungojea pantoni pale Kilifi, ami yangu alikuwa na Peugeot 404, na foleni ya pantoni ndiyo iliyokuwa baraza yake ya kuisifia. Alikuwa akifunua boneti mbele ya kadamnasi na kuwaonyesha injini ya sentimita za ujazo 1,618 iliyolazwa upande kwa nyuzi 45, akisherehesha kwamba kulazwa kule ndiko kulikompa Pininfarina, bingwa wa Kiitaliano aliyelichora umbo lake, wasaa wa kuishusha boneti ikapendeza. Hujja yake ya kukata maneno ilikuwa mashindano ya Safari: mwaka 1963, katika magari 84 yaliyoondoka, 7 tu ndiyo yaliyomaliza, na ya kwanza ilikuwa 404 ya Nick Nowicki, kisha Bert Shankland wa Tanzania akashinda 1966 na 1967, na Nowicki tena 1968.

Mwaka huo huo wa 1968 ikatoka 504. Injini ilianzia 1,796 na baada ya miaka miwili ikafikishwa 1,971, na saluni ikapewa breki za diski magurudumu yote manne, ilhali gari ya ami ilizuiwa na drami tupu. Hayo ni ya kusomwa vitabuni. Yaliyohisiwa mwilini yalikuwa nyuma. Katika 404 ekseli ilikuwa moja ngumu, gurudumu la kulia likipanda jiwe na la kushoto likapata habari. Katika saluni ya 504 difu ilifungwa kwenye bodi, kila gurudumu likapanda na kushuka peke yake. Nilimwona bibi mmoja, sinia la visheti mapajani, akivuka mashimo yaliyokuwa yakitugongesha vichwa darini, na kisheti hata kimoja kisianguke.

Ami hakuridhika. Wingi wa shafti na viungo ulimtia wahaka, na hata Ove Andersson aliposhinda Safari ya 1975 kwa 504, alisema tu, "Mwanangu, huyo halipi fundi mfukoni mwake."

Alipobadilisha gari hatimaye, alichukua 504, lakini ile stesheni wagoni ya safu tatu za viti, iliyorefushwa baina ya magurudumu kutoka mita 2.74 za saluni hadi 2.90. Kabla ya kutoa fedha alijilaza chini yake na kanzu yake, akatoka na vumbi mgongoni na furaha usoni: nyuma mlikuwa na ekseli ngumu, na springi mbili kila upande. Kwa kazi ya kubeba watu na mizigo alisibu, nakiri. Lakini gari ile ikiwa tupu ilirukaruka mno, ikatulia ilipojaa tu, na kwa sababu hiyo ami hakuondoka stendi hata siku moja mpaka kiti cha mwisho kikaliwe, akiwaapia abiria waliochoka kungoja kwamba ni kwa ajili ya springi.