Shaba na majina yake

Dilala, Kolwezi

Mpwa wangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini huko Kitwe mwalimu husema copper kisha ubaoni anaandika Cu. Swali limenifurahisha mno.

Anzia Kupro, kisiwa alikozaliwa Barnaba wa Matendo ya Mitume. Warumi walichukua huko shaba nyingi, wakaiita aes Cyprium, shaba ya Kupro. Baadaye aes ikaachwa, likabaki jina la kisiwa, nalo likageuka cuprum. Waingereza wakapata copper, Wafaransa cuivre. Mwanzoni mwa karne ya 19, Berzelius wa Uswidi alipopanga alama za kemia alifuata Kilatini. Kwa hiyo Cu. Na chuma ni Fe, kwa ferrum.

Lakini kobalti, madini mengine ya hapa kwetu, usiitafutie Kilatini. Wachimbaji wa Kijerumani waliliona jiwe linalofanana na madini ya fedha, lakini kwenye moto likatoa moshi wa sumu. Wakasema ni kazi ya kobold, pepo wa migodini. Jiwe hilo la laana ndilo leo linaloleta malori yote haya Kolwezi.

Lakini huwezi kuishia Roma, mwanangu. Wasanga wa huku kwetu walikuwa wakiyeyusha shaba zamani sana kabla ya kampuni ya migodi ya Union Minière kuundwa mwaka 1906. Walivunja malakiti, lile jiwe la kijani unalolijua, wakalipanga na makaa katika tanuru la udongo wa kichuguu, wakavukuta hadi shaba ikachuruzika, kisha wakaimimina kwenye kalibu za umbo la msalaba. Misalaba ya namna hiyo imefukuliwa makaburini kando ya Ziwa Kisale. Ilikuwa fedha yao, watu wakiitolea hata mahari.

Rais Mobutu alipoliita jimbo letu la wakati huo Shaba, mwaka 1971, alichukua neno la pwani lenye asili ya Kiarabu. Likadumu hadi 1997. Mafundi wa hapa walikuwa na neno lao, mukuba, na linaniuma kuona mwanafunzi akijua cuprum bila kulijua hilo.

Wabemba nao husema mukuba, na hapo Kitwe kuna Chuo Kikuu cha Mukuba. Likizo isikupite bure: waulize wazee wa huko wanavyolitamka, na majina waliyoyapa matanuru na kalibu. Andika yote, hata usiyoyaelewa, unitumie.

Mjomba wako