Jaribio la Tano

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifundisha hesabu, na katika nusu ya miaka hiyo niliwafundisha watu ambao nao wangekwenda kuifundisha. Msomaji asinicheke basi nikisema kwamba kuhesabu hadi nne si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa. Uko ubingwa mkubwa wa vyuo vikuu vya Marekani, wa mwaka 1990, ambao hadi leo hautajwi bila watu kukumbushana kwamba kundi zima la waamuzi lilishindwa kuhesabu hadi nne.

Mchezo wenyewe ni futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira uliochongoka pande mbili. Niliufahamu nikiwa tayari mstaafu, nilipokaa miezi mitatu kwa binti yangu na mumewe katika mji wa Denver, jimbo la Colorado. Mwanzoni haukunivutia. Wachezaji hukimbia sekunde chache, huangushana, kisha husimama kujadiliana kama kamati ya harusi. Mkwe wangu alikuwa na subira nami. Alinieleza kwamba timu yenye mpira hupewa majaribio manne ili isogee yadi 10. Ikifaulu, hesabu huanza upya. Isipofaulu, mpira huenda kwa wapinzani. Pembeni mwa uwanja husimama mtu mwenye nguzo yenye kibao cha namba, na kila jaribio likiisha hubadilisha namba hiyo. Hayo tu ndiyo anayohitaji kujua mtu ili aelewe ninayotaka kusimulia.

Timu ya Chuo Kikuu cha Colorado, kilichopo Boulder, ilikuwa na deni moyoni. Mwaka 1989 walishinda michezo yao yote 11 ya msimu, kisha wakafungwa na Notre Dame 21-6 katika mchezo wa Orange Bowl huko Miami. Mwaka huohuo walimzika Sal Aunese, kijana wa miaka 21 aliyewahi kuongoza mashambulizi yao, aliyefariki kwa saratani. Waliporudi uwanjani mwaka 1990 mambo hayakuwa mazuri: sare ya 31-31 na Tennessee, ushindi wa jasho dhidi ya Stanford, kisha wakafungwa na Illinois 23-22. Watu wengi waliona msimu umekwisha. Wakainuka, wakazishinda Texas na Washington, na tarehe 6 Oktoba wakaenda Columbia kucheza na Missouri.

“Baba, hesabu mwenyewe,” mkwe wangu aliniambia, akaniwekea mkanda wa mchezo ule.

Missouri walikuwa na pointi 31, Colorado 27, na muda ulikuwa unayoyoma. Colorado walikuwa yadi 3 tu kutoka mstari wa goli. Charles Johnson, mchezaji wa akiba aliyekuwa akiongoza mashambulizi siku hiyo, akaupiga mpira chini makusudi ili saa isimame. Kanuni zinaruhusu, lakini jaribio moja linakuwa limekwenda. Moja. Eric Bieniemy akakimbia nao, akaangushwa karibu kabisa na mstari. Mbili. Colorado wakaomba kusimamisha mchezo kwa muda, na hapo ndipo kibao kilipobaki bila kubadilishwa. Bieniemy akajaribu tena, akazuiwa. Tatu. Johnson akaupiga mpira chini kwa mara nyingine. Nne. Zilibaki sekunde 2, na mpira ulipaswa kwenda kwa Missouri. Lakini kibao kilikuwa nyuma kwa moja, na kwa mujibu wa kibao jaribio la nne lilikuwa bado. Johnson akajitosa mwenyewe kuelekea mstarini, na waamuzi wakatamka kwamba amevuka. Tano. Nilikuwa nimekwisha kukunja vidole vyote vya mkono.

Waamuzi walijadiliana karibu dakika 20, kisha wakaacha matokeo yasimame: 33-31. Baadaye walisimamishwa kazi na uongozi wa ligi yao. Colorado hawakufungwa tena. Kule Nebraska walikuwa nyuma 12-0 mchezo ulipoingia robo ya mwisho, wakashinda 27-12. Tarehe 1 Januari 1991 walikutana tena na Notre Dame katika Orange Bowl na safari hii wakashinda 10-9. Miaka ile haikuwapo fainali. Bingwa alipigiwa kura. Waandishi wa habari waliwapa Colorado. Makocha, kwa tofauti ya pointi moja ya kura, waliwapa Georgia Tech, ambao hawakuwa wamefungwa hata mara moja.

Mkwe wangu, kwa kuwa ni mtu wa haki, alinieleza pia habari ya zamani zaidi. Novemba 1940, Cornell waliwashinda Dartmouth 7-3 kwa goli la sekunde za mwisho. Filamu ilipotazamwa, ikaonekana goli lile lilifungwa katika jaribio la tano. Mwamuzi alikiri. Cornell, ambao walikuwa hawajafungwa msimu ule, walipeleka simu ya maandishi wakisema ushindi si wao. Dartmouth wakaupokea, na kumbukumbu zikaandikwa 3-0.

Habari hiyo ilinikumbusha mwanachuo mmoja katika chuo nilichokiongoza. Alirudishiwa karatasi yake ikiwa na alama 53, na alama ya kufaulu ilikuwa 50. Akaijumlisha upya mwenyewe, akapata 48. Alikuja ofisini kwangu, shikamoo yake haikusikika vizuri, akaiweka karatasi mezani. Hakuna aliyemwita. Nilijumlisha mara mbili, ikawa 48 mara zote mbili. Nikaikata 53, na kijana yule akarudia somo na kumaliza chuo nyuma ya wenzake. Mkufunzi mmoja alinilaumu: kosa si la kijana, kwa nini alipe yeye? Sikuwa na jibu la kumridhisha, ila karatasi ilikuwa na 48.

Hata hivyo siko tayari kuwaita watu wa Colorado wezi, na sababu yangu iko katika lile jaribio la nne. Kama kibao kingesema ukweli, Johnson asingeupiga mpira chini. Angekimbia nao au angeurusha. Waliiamini namba waliyoonyeshwa, wakatupa nafasi yao halali kwa ajili ya hiyo namba. Karatasi ya mwanachuo wangu iliweza kusahihishwa kwa sababu majibu yake yalikuwa yaleyale hata baada ya kujumlisha upya. Mchezo wa Columbia ulikuwa umekwisha kupotoka kuanzia jaribio la pili, na hakuna ajuaye ungeishaje. Ninachowalaumu ni kwamba hawakuliweka jambo hilo mezani.

Kocha wao, Bill McCartney, alikuwa mwenyewe mchezaji wa Missouri katika ujana wake. Alipoulizwa baada ya mchezo kama angeuachia ushindi, alikataa, akalalamika kwamba uwanja ulikuwa unateleza. Mwaka 1998, akiwa amekwisha kuacha ukocha, alisema hadharani kwamba anajutia alivyolichukulia jambo lile. Alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 84. Mkwe wangu alinipigia simu kunipa habari hiyo, nami baada ya kutoa pole nikamwuliza kama matokeo ya mchezo ule yamewahi kuguswa.

“Hapana, Baba. Bado ni 33-31.”