Ng'ombe wa Mkopo na Benki Isiyotoza Riba

Kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini mimi niliielewa barabara siku ng'ombe wetu alipokufa na deni lake likabaki hai.

Mwaka wa 2022 baba alichukua mkopo wa shilingi 180,000 akanunua ng'ombe wa maziwa. Sisi hapa Kangari ni watu wa majani chai. Pesa za kila mwezi ni za unga na sabuni, na bonasi huja mara moja kwa mwaka, nayo ikifika huwa tayari ina wenyewe. Ng'ombe ndiye angetulipia karo. Baba alipaswa kulipa kama shilingi 6,100 kila mwezi kwa miaka 3, na alilipa bila kukosa. Kisha Benki Kuu ya Kenya ikaanza kupandisha kiwango chake cha riba, kutoka asilimia 7 mapema mwaka wa 2022 hadi asilimia 13 Februari 2024, na wakopeshaji nao wakafuata. Ujumbe ukaingia kwenye simu ya baba: sasa utalipa 6,400. Hakuna aliyemwuliza. Muda si muda ng'ombe akashikwa na ndigana, na kabla daktari wa mifugo hajafika tukawa tunachimba shimo. Baba akakosa kulipa miezi mitatu. Alipokwenda kuuliza, akaambiwa alete zaidi ya shilingi 24,000, maana faini nayo ilikuwa imezaa. Dada yangu akakaa nyumbani muhula mzima.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku ya wazazi ilipofika. Rafiki yangu ninayeketi naye dawati moja anatoka Mjini, ule mtaa wa zamani wa Waislamu kule Murang'a. Baba yake ni muuza nyama. Wazazi wetu waliketi pamoja nyuma ya maktaba wakila chapati, na wazee wakikutana usidhani watazungumzia alama zetu. Walizungumza madeni.

Mzee wa Mjini akasema kwamba pikapu yake aliipata kupitia benki ya Kiislamu jijini Nairobi, bila riba. Baba akacheka.

"Hiyo ni ya watu wenu, mzee. Mimi nikiingia huko si nitaambiwa kwanza nislimu?"

Sitaki kumsema baba vibaya, kwani alitamka yaliyo vinywani mwa wengi. Wakati wa likizo nilijaribu kuuliza watu pale sokoni. Mama mmoja muuza viazi aliniambia benki hizo ni za kusaidia Waislamu peke yao. Kijana wa bodaboda alisema hizo ni pesa za bure za Waarabu, kisha akataka nimwelekeze zinakotolewa! Wote wawili walikuwa wamekosea, kila mmoja kwa upande wake.

Jambo lenyewe si geni nchini. Barclays walianzisha akaunti ya La Riba mwaka wa 2005. Mwaka wa 2007 Benki Kuu ikatoa leseni kwa First Community Bank na Gulf African Bank, na mwaka wa 2008 zote mbili zikafungua milango. Ile ya kwanza ilikuja kununuliwa na Premier Bank ya Somalia mwaka wa 2023. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Waislamu ni karibu 11 katika kila Wakenya 100. Sasa wewe fikiria, ni mfanyabiashara gani atakayewafukuza wale 89 waliobaki mlangoni?

Lakini turudi kwenye chapati. Mzee wa Mjini alieleza kwamba benki haikumpa pesa. Alikwenda akasema, nataka pikapu ile. Benki ikainunua kwa shilingi 600,000, ikawa mali yake, halafu ikamwuzia yeye kwa 800,000, alipe kidogo kidogo kwa miezi 36. Mpango huo huitwa murabaha. Ni biashara, si mkopo, na Kurani imehalalisha biashara ikaharamisha riba.

Baba si mtu wa kudanganywa kwa hesabu. Alichukua kijiti akaandika mchangani. "Laki mbili juu! Ng'ombe wangu wa 180,000, kwa mpango huo, ningemlipa 240,000. Kule nilikokopa, kama riba isingepanda, ningelipa kama 220,000. Hawa wenu ndio ghali, mzee mwenzangu. Wamebadilisha jina tu."

Nilidhani watakosana. Kumbe mzee alikubali! Alisema hata msikitini kwao wapo wanaonena hivyo hivyo, kwamba hiyo ni riba iliyovalishwa kanzu, na baadhi yao wanaweka pesa zao katika benki za kawaida bila wasiwasi. Yeye mwenyewe alisitasita mwaka mzima. Kilichomvuta ni kwamba ile 800,000 iliandikwa siku ya kwanza na haikuongezeka tena. Riba za nchi zipande, zishuke, yeye hulipa kitu kile kile. Kuna mwezi biashara ilidorora akachelewa. Alitozwa faini, ndiyo, lakini benki haili faini hiyo. Huitoa kwa maskini.

Baba aliufuta ule mchanga kwa kiatu, akanyamaza. Najua alikuwa akihesabu ile miezi mitatu.

Jioni moja likizoni nilimsimulia shosho haya yote, nikitarajia akemee mambo ya dini za watu. Akaniagiza nimletee Biblia yake ya Kikuyu. Akanifungulia Kutoka sura ya 22, kisha Kumbukumbu la Torati sura ya 23, ambapo watu wanakatazwa kuwatoza ndugu zao riba. "Na sisi tumekatazwa," akasema, "ila hatusomi hapo." Baba alikuwa jikoni akisikiliza. Alijifanya anachochea moto.

Baadaye nilisoma kuhusu benki ndogo iliyoanzishwa mwaka wa 1963 huko Mit Ghamr, Misri, na Ahmad El-Najjar. Wateja wake wengi walikuwa wakulima wa kando ya Nile waliozoea kuficha akiba zao nyumbani. Haikutoza riba, wala haikujitangaza kuwa ya Kiislamu. Nikajiuliza, je, jina lingeondolewa mlangoni, mama yule wa viazi angeingia? Nadhani angeingia. Na je, Waislamu wangeingia? Hapo sijui, rafiki yangu anasema baba yake asingeingia, kwani kwake jina ndilo agano lenyewe. Tulibishana juu ya jambo hili hadi kengele ya kulala, tukaadhibiwa sote wawili.

Bonasi ilipokuja, baba alimaliza lile deni, na dada akarudi shuleni. Kisha usiku mmoja nikamsikia akimpigia simu mzee wa Mjini. "Na nikienda, nivue rozari?" Nilisikia kicheko kikubwa upande wa pili. "Wewe vaa hata jezi ya Arsenal!"

Alikwenda Nairobi kwa matatu ya alfajiri. Waliomhudumia walitaka kitambulisho, nambari ya ushuru, na taarifa ya akaunti ya miezi 6, kama benki yoyote ile. Dini hawakuiuliza. Walimwuliza tu ng'ombe anayemtaka yuko wapi na anauzwa na nani, swali ambalo baba anasema hajawahi kuulizwa na mkopeshaji yeyote.

Ninapoandika haya hawajamjibu. Zizi lingali tupu, na shosho huweka kuni humo zisinyeshewe.