Nguzo za Mkunazini

Jumamosi moja nilitoka Kikwajuni alfajiri, nia yangu kuuzunguka Mji Mkongwe na kuyaona makanisa yake makuu mawili. Nikapita Darajani hata Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na kanisa likaanza kujengwa mwaka ule ule. Upande wa magharibi nguzo ndogo zimesimama kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizigeuza Askofu Steere asipokuwapo. Naye aliporudi, akaziacha.

Nilizitazama sana, maana jana yake nilikuwa nimepasua daftari la mtoto aliyeandika tarakimu kinyume. Kanisa la Shangani sikufika. Nilirudi Kikwajuni, nikapiga hodi kwao. “Mwalimu,” akasema mama yake, “kenda shamba kwa bibi yake. Hataki skuli tena.”