Kesho Asubuhi Tunapuliza Dawa

Jumamosi moja ya mwezi Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma, nilikuwa nikipalilia mihogo katika shamba letu wilayani Muheza niliposikia bomba la mgongoni likifanya kazi upande wa pili wa ua wa minyaa. Anayeijua sauti ile hahitaji kuelezwa: mpini unakwaruza, dawa inafuka, mpini unakwaruza tena. Nilitazama makuti ya minazi ili nijue upepo unatoka wapi. Ulikuwa unatoka kwa jirani. Nikaliacha jembe pale pale, nikakimbia nyumbani, mtu mzima wa miaka 52, kwenda kufunga madirisha.

Mke wangu alikuwa barazani akichambua choroko. Aliponiona nakimbia hakuuliza. Aliinuka, akalowesha kitambaa, akajifunga puani na mdomoni, akaingia chumba cha nyuma. Hata hivyo tulikuwa tumechelewa. Adhuhuri midomo yake ilikufa ganzi. Jioni kichwa kilimgonga asiweze kufumbua macho. Usiku alitaka kumwita mtoto wetu wa mwisho na jina likampotea. Alikaa kitandani akilitafuta jina la mwanawe wa kumzaa. Lilirudi alfajiri.

Wasomaji wangu mmezoea kunikuta hapa nikiandika juu ya katiba, bajeti na uchaguzi. Leo naandika juu ya nyumba yangu, kwa idhini ya mke wangu, ambaye ameisoma rasimu na kufuta aya mbili.

Yalianza ofisini. Alikuwa mtumishi wa umma, mhasibu katika ofisi ambayo sitaitaja. Ijumaa moja ofisi ilipulizwa dawa ya mende. Jumatatu watumishi wakarudi kazini, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Wenzake waliumwa vichwa kwa wiki moja wakapona. Yeye hakupona. Kilichoanza na dawa ya mende kikaenea hadi kwenye rangi mpya ya ukutani, sabuni ya kudekia, petroli, wino wa mashine ya kuchapisha, na mwishowe manukato ya abiria aliyeketi kiti cha mbele ndani ya basi.

Fomu ya likizo ya ugonjwa ina nafasi ya kuandika jina la ugonjwa. Daktari wa kwanza aliandika mzio. Wa pili aliandika msongo wa mawazo. Wa tatu aliiacha wazi, akatueleza kwa upole kwamba hawezi kuandika jambo ambalo bodi ya madaktari italikataa. Mtumishi unayesoma makala haya unajua yanayoipata fomu yenye nafasi iliyoachwa wazi. Baada ya miezi 14 ya kuandikiana barua, mke wangu aliandika ya mwisho: ya kuacha kazi.

Nikiwa mwalimu, nilifanya nilichofundishwa kufanya: nikasoma. Nikamkuta daktari wa Chicago, Theron Randolph, aliyewaandika wagonjwa wa namna hii tangu miaka ya 1950, na Mark Cullen wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyeupa ugonjwa huu tafsiri yake ya kitaalamu mwaka 1987. Nikakuta pia mambo yasiyonifurahisha. Shirika la Afya Duniani haliutambui kama ugonjwa unaojitegemea katika orodha yake. Wagonjwa wengi waliofanyiwa majaribio bila kujua kama wanavuta kemikali au hewa tupu walishindwa kutofautisha. Nayaandika haya kwa sababu nisingependa mwanafunzi wangu anifiche ushahidi unaopingana na hoja yake. Sijui mwili wa mke wangu unafanya nini. Ninachokijua ni kwamba usiku ule wa Februari hakuwa akiigiza, na kwamba mtu anayeteseka hatakiwi kusubiri wataalamu wamalize mabishano yao ndipo afungiwe dirisha.

Tulirudi Muheza kwa sababu kulikuwa na shamba la urithi, ekari nne chini ya milima ya Usambara, na kwa sababu tulidhani hewa ya shamba ni safi. Mimi niliendelea kufundisha Dar es Salaam, nikipanda basi kila Ijumaa kupitia Chalinze na Segera, nikifika usiku na kuoga uani kabla ya kuingia ndani, kuondoa harufu za safari.

Ugumu wa kwanza haukuwa shambani. Ulikuwa kwa watu. Sisi wa pwani tunapokeana kwa harufu. Mgeni hupakwa manukato, bibi harusi hufukizwa udi, nguo za sikukuu hutoka sandukuni na harufu yake. Mke wangu ni mzaliwa wa Pangani. Kwake kukataa udi ni sawa na kukataa mkono wa salamu. Wakasema ana jini. Shangazi yake, mtu wa mizaha, ndiye aliyemtetea: “Jini gani huyo asiyependa udi? Wote niliowaona mimi wanaudai!” Tulicheka. Lakini mama yake alipofariki, nyumba ilijaa karafuu maiti na ubani, na yeye alikaa nje chini ya mwembe, hatua 40 kutoka kwa mama yake, akisikiliza kisomo kupitia dirishani. Hakumuaga usoni. Wapo ndugu ambao mpaka leo hawajamsamehe.

Shamba lilitupa kazi ya kufanya, na kazi ni dawa ambayo haina harufu. Tuna minazi, michungwa michache, mihogo, choroko, na pilipili manga inayopanda kwenye miti ya kivuli. Walinzi wetu wakuu ni siafu wekundu wa mitini, wanaoitwa maji moto, na aliyewahi kuumwa nao anajua sababu ya jina hilo. Hushona majani kuwa viota, na huwafukuza wadudu wanaofyonza vidaka na kuviangusha kabla ya kuwa nazi. Jambo hili halikugunduliwa jana: M. J. Way alilitafiti Zanzibar katika miaka ya 1950, na yule mdudu mharibifu leo ana jina la kisayansi lililotokana na jina lake. Tunafunga kamba kutoka mnazi hadi mnazi ili maji moto wapite bila kushuka chini, ambako kuna sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa wanaowapiga vita. Jioni nyingine mke wangu huzikagua zile kamba kama alivyokuwa akikagua vitabu vya hesabu.

Mahindi tunayahifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa; dumuzi hufa humo kwa kukosa pumzi, bila unga wa dawa. Viwavijeshi vamizi, walioingia nchini mwaka 2017, tunawaokota kwa mkono na kuwatia majivu na mchanga kwenye kikonyo cha mhindi. Mavuno ni haba kuliko ya jirani. Asikudanganye mtu. Wala si kila kitu cha asili kinamfaa: tulijaribu maji ya mwarobaini yaliyotwangwa, mti ambao jina lake linaahidi kuponya maradhi 40, na harufu yake ilimlaza siku mbili.

Pilipili manga yetu tunaiuza kupitia kikundi cha wakulima wa kilimo hai. Mkaguzi alipokuja aliuliza mizabibu ya pilipili iko hatua ngapi kutoka mpaka wa jirani anayetumia viuatilifu, akapima, akaandika. Ni utaratibu mzuri. Mnunuzi wa ng'ambo analindwa. Hakuuliza kitanda chetu kiko hatua ngapi.

Sasa nirudi kwa jirani. Jumapili ile, mke wangu akiwa bado amelala, nilikwenda kwake nikiwa na hasira na vifungu vya sheria. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nikaanza: Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, haki ya kuishi katika mazingira safi. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

“Mwalimu,” akasema, “wewe una mshahara. Mimi nina michungwa. Mnunuzi akija kutoka Kenya haulizi dini yangu, anatazama ganda.”

Nikamwambia dawa ni sumu. Hapo ndipo alipobadilika uso.

“Nilizika watoto watatu hapa kwa homa, kabla hazijaja neti zenye dawa. Zilipokuja nikabaki na hawa wawili. Unanifundisha mimi sumu?”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Muheza ni mahali ambapo malaria ilikuwa haipumziki mwaka mzima. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walikuja kuzijaribu neti zilizochovywa dawa katika vijiji vya wilaya hii hii, na kilichojifunza hapa kiliwafaa watu wa mbali sana. Tangu 2004 wajawazito wetu walipewa Hati Punguzo ili wazinunue kwa nafuu. Mimi mwenyewe nilisimama darasani kuusifu mpango ule. Mke wangu hawezi kulala ndani ya neti ya namna hiyo. Analala kwenye neti tupu, tunayoikagua matundu kila Jumamosi, na mwaka jana aliugua malaria mara mbili. Watoto wetu wanalala kwenye neti zenye dawa, katika chumba cha uani, mlango ukiwa umefungwa. Ndani ya nyumba moja tumechora mpaka, na sisemi kwamba upande mmoja ndio wenye haki.

Najua pia upande wa pili wa hadithi. Pale Korogwe ya Zamani palikuwa na ghala la DDT. Kule Vikuge, Kibaha, viuatilifu tulivyopewa msaada kutoka Ugiriki mwaka 1986 vilikaa mpaka banda likaporomoka juu yake. Wanakemia walipopima udongo wa sehemu hizo miaka mingi baada ya kusafishwa, sumu bado ilikuwamo. Waliokuwa wakiishi kando ya maghala hayo, nani aliwaambia kilichomo?

Neno hilo, kuambiwa, si langu. Ni la mke wangu. Alipopata nguvu aliweka nazi na choroko katika kikapu akaenda kwa mzee mwenyewe, mimi nikabaki nyuma kama mtoto aliyeharibu kitu.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Hujambo sasa?”

“Sijambo. Baba, sikuja kukuomba uache. Nimekuja kukuomba uniambie jioni yake, ili asubuhi nisiwepo.”

Mzee akamtazama. “Hilo tu?”

“Hilo tu.”

Mamlaka inasajili viuatilifu na kusimamia wauzaji. Mwaka 2023 Serikali ikazindua mkakati wa kitaifa wa kilimo ikolojia hai, na nimeusoma kwa matumaini. Lakini katika mpaka wetu wa minyaa, kinachomlinda mke wangu ni mjukuu wa miaka tisa anayekuja saa kumi na mbili jioni, anasimama nje ya baraza, na kutamka kwa sauti ya mtu aliyetumwa: “Babu anasema kesho asubuhi tunapuliza dawa.” Kisha anapewa chungwa, jambo la ajabu kidogo, maana kwao yamejaa. Sisi tunafunga virago na kulala Pangani kwa dada yake. Mzee naye, bila kuombwa, ameanza kupuliza alfajiri, kabla upepo haujaamka.

Mwezi uliopita mzee aliniambia amechoka na kwamba nusu ya shamba, ile iliyo karibu nasi, ameiuza ili amtibu mkewe. Aliyenunua ni mtu wa mjini. Vijana wamekwishakuja kuweka mawe ya mipaka, na mmoja wao alisema itapandwa mitikiti na kupulizwa kwa mashine. Jina la mwenye shamba hawakulijua. Wao walilipwa kwa simu. Mke wangu ameshuka kikapu kutoka darini, amekipangusa vumbi, ananiuliza kila Ijumaa nikishuka basi kama nimempata.