Mzee Alirudi Kudai Wimbo Wake

Ndugu msomaji, nina deni. Si deni la pesa, maana hilo ningekwisha kulilipa au kulikimbia kama wengine. Ni deni la wimbo mmoja, na mdai wangu ni mzee wa Kyerwa.

Wakati huo nilikuwa najitolea kwenye redio moja ya jamii huku kwetu. Jina la kituo nalihifadhi, kwani kosa lilikuwa langu. Redio za namna hiyo si ngeni kwetu: FADECO ya Karagwe ilianza kurusha matangazo mwaka 2007, na jirani zetu wa Ngara walikuwa na Radio Kwizera tangu 1995, iliyozaliwa wakati wa wakimbizi wa Rwanda. Studio yetu ilikuwa chumba kidogo, ukutani trei za mayai ili sauti isirudi, maikrofoni mbili na kompyuta moja iliyochoka. Mvua ikipiga bati, mtangazaji anapaza sauti kama konda wa basi.

Jumamosi jioni tulikuwa na kipindi cha wasanii wasio na meneja wala promota. Wengi walikuwa vijana wenzangu. Kijana anaingia na flashi mfukoni: "Kaka, ngoma imo humu, we bonyeza tu." Unabonyeza. Wimbo ukiisha unamwuliza muziki ameanza lini, anajibu tangu utotoni, anawasalimia washkaji wote wa Kayanga na Omurushaka, basi, kipindi kimekwisha.

Siku hiyo akaja mzee, kapanda bodaboda kutoka Nkwenda, enanga yake kaifunga kwenye shuka. Kwa asiyeijua, enanga ni ubao uliochongwa kama kihori, na nyuzi zake saba au nane ni uzi mmoja tu unaopitishwa huku na huku. Ndicho chombo cha waimbaji wa kale wa Kagera waliosimulia habari za mashujaa. Profesa M. M. Mulokozi aliandika juu ya tenzi za enanga za Wahaya katika tasnifu yake ya mwaka 1986.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nikae wapi?"

Nilikuwa peke yangu: mtangazaji mimi, fundi mitambo mimi. Nikaanza na maswali yangu yale yale. Aibu tupu! Matangazo yetu ni ya Kiswahili, na Kiswahili cha mzee kilikuwa cha kuuzia kahawa tu.

"Mzee, una ujumbe gani kwa mashabiki wako?"

"Mashabiki gani?"

"Na changamoto za kazi yako ya sanaa je?"

Akafikiri kidogo. "Magoti," akasema.

Kijana aliyekuwa anasubiri zamu na flashi yake alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nikakata tamaa, nikamwomba mzee aimbe. Kumbe hapo ndipo mahojiano yalipoanza! Aliimba kwa Kinyambo, hewani moja kwa moja, karibu dakika kumi na tano. Yote niliyoshindwa kumwuliza aliyajibu: baba yake aliyemfundisha, ng'ombe waliokwisha, watoto waliokwenda mjini. Katikati ya wimbo mvua ikashuka juu ya bati. Nikadhani tumekwisha. Mzee hakusimama. Akaiingiza mvua ndani ya wimbo, akaiambia isubiri, mwenye zamu ni yeye.

Simu zikaanza kuita. Mama mmoja wa Murongo alisema amemsikia marehemu babu yake. Akapiga na bwana mmoja wa ng'ambo ya mto Kagera, Uganda, maana Kinyankole na Kinyambo ni ndugu. Hakuhitaji mkalimani.

Wiki mbili baadaye mzee alirudi. Akavua kofia.

"Mjukuu wangu, watoto walioko Mwanza hawakusikia. Nipe ule wimbo niwapelekee."

Nikafungua kompyuta. Nikatafuta huku, nikatafuta kule. Wapi! Sikuwa nimebonyeza kitufe cha kurekodi. Wale wenye flashi walikuwa na nyimbo zao mfukoni, kwa hiyo sikuwa na mazoea ya kubonyeza. Kusema kweli, mzee nilimwona kama mtu wa kujazia muda.

"Tunaweza kuurudia, mzee?"

"Nitaimba mwingine. Ule niliuimba na mvua."

Nimewaza sana tangu siku ile. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi zilikwenda studio za Pugu Road zikapiga wote kwa pamoja. Wanamuziki walilipwa kidogo, na kanda zikabaki mali ya redio. Malalamiko yao ni ya haki. Lakini kanda zilibaki! Ndiyo maana NUTA Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1964, tunaisikia hadi leo. Sisi tuna flashi ndogo kama kidole inayobeba nyimbo nyingi kuliko sanduku la kanda, na tunamwacha mzee arudi Nkwenda mikono mitupu. Kurusha hewani si kutunza.

Wala asiniambie mtu kuwa wimbo wa kilugha hauna wenyewe. Mwaka 2001 Saida Karoli alitoa "Maria Salome" kwa Kihaya, na nchi nzima ikacheza, hata wasioelewa neno.

Basi, vijana wenzangu wa kalamu na maikrofoni, ukikutana na mtu wa namna hiyo, yaache maswali ya kukariri. Bonyeza kwanza, uliza baadaye, na akiondoka mpe nakala yake.

Mzee alikuja tena mwezi uliofuata. Nilibonyeza kabla hata ya shikamoo. Aliimba wimbo mwingine, mzuri kwelikweli, nikamwekea kwenye flashi mbili, moja yake na moja ya Mwanza. Alishukuru. Kisha akatazama juu, kwenye bati. Jua lilikuwa linawaka.

Deni bado lipo.